Mawe Yaliyokwepa Kitanda

Jumatano, 8 Januari

Daftari, nisamehe. Najua. Mara ya mwisho nilikuandikia Oktoba, tena mstari mmoja: "Baraka ya leo: mtoto amezaliwa salama, kilo tatu na robo." Mama Mchungaji alitugawia madaftari akina mama wote tuandike baraka moja kila siku. Miezi mitatu sasa. Baraka hazikukosekana. Mikono ndiyo imekosekana. Mmoja una mtoto, wa pili una mwiko.

Leo naandika kwa sababu jana imenyesha mvua ya mawe.

Saa tisa alasiri. Joto la kukaanga karanga. Wingu likaja kutoka upande wa Buigiri, jeusi juu, chini kijani. Sijawahi kuona wingu la kijani. Kwanza likaanguka moja, ko, juu ya bati. Nikadhani ni Obedi, mtoto wa jirani, anatupa mawe. Nikatoka na fimbo. La pili likanipata begani. Hapo nikaelewa kwamba huyu anayetupa hachapwi kwa fimbo.

Dakika ishirini. Mengine kama maharage, mengine kama mayai ya kuku wa kienyeji. Anitha, binti yangu wa miaka sita, nilimsukumia chini ya meza na karai kichwani. Jordan, wa miezi mitatu, nilimweka kifuani nikamfunika kwa mgongo. Nikaimba pambio ili wasiogope. Anitha akasema kutoka chini ya meza kwamba nakosea maneno. Nikamwambia aache kusahihisha, aitikie.

Hasara: kuku wanne. Alizeti imebaki vijiti. Mtama umelala chini kama umepitiwa na ng'ombe. Jiko langu la nje limeangukia mafiga.

Nyumba: haina hata tundu moja.

Nieleze. Mume wangu Denis ni fundi wa kuezeka. Yuko Chimwaga, kule Dodoma mjini, anaezeka hosteli za wanafunzi, anarudi mwisho wa mwezi. Yetu aliiezeka kwa bati nene za zamani zilizotoka kwenye ghala lililobomolewa. Tatu nyekundu, mbili za bluu, zilizobaki rangi ya kutu. Gladness, mama yake Obedi, alisema nyumba yetu imevaa viraka. Yeye aliezeka bati jipya la rangi ya damu ya mzee, linang'aa mpaka unafumba macho, jembamba kama karatasi ya biskuti. Jana limekuwa chekeche. Sikucheka. Niliingia ndani kwanza.

Na mama mkwe, Bibi Raheli, hatua sitini kutoka mlangoni kwangu? Tembe lake la udongo, na paa lake bapa la udongo juu ya miti, halikutikisika. Amepanda juu na beseni la udongo mbichi, akapigapiga vishimo kwa kiganja, akashuka. Robo saa. Akasema bati ni kelele tu. Miaka mitano niliishi humo, mimi, mume, mtoto, mama mkwe na mbuzi sita, mlango mmoja. Juni ndipo tukahamia kwetu. Nikaapa kwamba sitalala tena kwenye lile tembe mpaka siku ya msiba.

Ila kwetu ni chumba kimoja. Cha pili kina kuta, hakina paa. Anitha analala miguuni pangu kama paka. Na leo watu wanasema bati za msaada zinakuja kwa waathirika. Bati kumi tu na chumba kinakamilika!

Nimeokota mawe matatu makubwa, nimeyatia kwenye chupa ya chai. Chupa inayotunza moto hutunza na baridi. Ushahidi huo.

Baraka ya leo: bati la Gladness. Nimefuta. Baraka ya leo: uzima.

Alhamisi, 9 Januari

Mtendaji wa kijiji amepita kuandikisha hasara. Anaitwa Hashimu, kijana wa Kondoa, mpole, kalamu mbili mfukoni na rula. Ameongozana na Mzee Mazengo, mwenyekiti wa kitongoji.

Mvua hii imetajirisha kijiji kwanza ndipo ikakifilisi. Jumatatu tulikuwa na kuku labda mia kwa jumla. Hadi saa nne leo wamekufa mia tatu na kitu. Baba mmoja amempoteza ng'ombe aliyemuuza Krismasi. Gladness amepoteza televisheni. Nyumba yake haina umeme. Hashimu alipouliza, akajibu kwamba ndiyo maana hakuiona ilipokuwa inaharibika.

Kwangu walifika saa tano. Nilikuwa nimepanga vizuri. Wakae, wapumzike, kisha nilete chupa, niifungue mbele yao, wayaone mawe yenyewe. Nani mwingine kijiji kizima ana mawe? Jordan akajisaidia wakati huohuo, mpaka mgongoni. Nikaingia ndani kumwogesha. Nikamwomba mama mkwe awakaribishe wageni.

Amewakaribisha.

Natoka, nawakuta wanakunywa chai. Nikauliza chupa nyingine tumeitoa wapi. Mama mkwe akasema ni ileile, amekuta maji safi ya baridi ndani yake, akaona asiyamwage, akayachemshia chai. Hashimu akasifu chai. Akasema maji yetu matamu, hayana chumvi kama ya kisima.

Kwa hiyo ushahidi wangu umenywewa na mtendaji mwenyewe, sukari vijiko vitatu.

Na kabla sijatoka nilikuwa nimeona kitu kupitia mlangoni. Nilipokuwa namfunga mtoto nepi, mama mkwe alikuwa amemwinamia Hashimu, anaongea kwa sauti ya chini, anaonyesha kwa kidole jiko langu lililoanguka. Nilipotokea akanyamaza. Alikuwa ananisema. Najua. Atakuwa amesema jiko lilianguka kwa sababu silifagii.

Baraka ya leo: mtoto ana choo kizuri.

Jumamosi, 11 Januari

Gladness amenipitia kuazima chumvi. Gladness haazimi chumvi, Gladness huleta habari. Ametoka kisimani na amesikia mambo. Eti majiko hayahesabiwi. Eti wanahesabu nyumba ya kulala tu, tena iwe na matundu. Jumanne wanapita kukagua, chumba kwa chumba. Asiye na tundu hana bati.

Halafu akatazama juu kwenye bati zangu, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, "Pole shoga. Hii nyumba yenu itawaponza kwa uzima wake."

Akaondoka na chumvi.

Nimekaa nikiwaza. Huyu aliyetucheka viraka ataezekewa bure nyumba nzima, na mimi mwenye mtoto mchanga nikose kwa sababu mume wangu alifanya kazi nzuri? Hiyo ni haki? Ninaadhibiwa kwa kuolewa na fundi.

Na mawe yangetoboa. Yalitaka kutoboa. Yamepiga dakika ishirini nzima kwa moyo wote. Bati ndilo lililokataa. Mimi nitakuwa nayasaidia tu yamalizie.

Nimetafuta kwenye sanduku la Denis. Nyundo ipo. Misumari ya inchi nne, pakiti moja.

Jumatatu, 13 Januari

Kazi imefanyika! Matundu kumi na matatu.

Nimefikiria kila kitu, daftari, wala usinione mjinga. Kupanda juu ya paa haiwezekani, Gladness ana macho mpaka kisogoni. Basi nifanyie ndani, mlango umefungwa. Meza katikati ya chumba, mimi juu ya meza, mtoto mgongoni amelala. Kelele? Leo ni Jumatatu, siku ya mashine ya kusaga. Mashine ya Khalidi ikinguruma hapa kwetu husikii hata mwanao akilia. Mashine inanguruma, mimi nagonga. Bati la ghala ni gumu! Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda. Wa tatu ukapita, na mwanga ukaniingia jichoni kama sindano.

Nilipofika tundu la tisa mashine ikazima ghafla na nyundo yangu ikasikika peke yake. Ngo! Kijiji kizima kimya. Gladness akaita kutoka ng'ambo ya ua, Mama Anitha, unajenga? Nikajibu natwanga. Akauliza natwanga nini mchana huu. Nikasema karanga. Akasema zitakuwa karanga ngumu sana.

Nikasubiri mashine iwake tena, nikamaliza manne.

Sikutoboa ovyo. Juu ya kitanda, hapana, godoro ni jipya. Juu ya gunia la unga, hapana. Juu ya kona anapolala Jordan mchana, Mungu apishe mbali. Nimetoboa katikati ya chumba na kuelekea mlangoni, mahali ambapo maji yakidondoka hayana madhara. Mistari miwili, imenyooka. Denis angejivunia.

Anitha ametoka shule akauliza nyota zimeingiaje ndani. Nimempa kiazi.

Kwa wasiwasi wowote wa mvua: anga ni jeupe. Watu wanasema mawe hayapigi mahali pamoja mara mbili.

Baraka ya leo: mashine ya Khalidi.

Jumanne, 14 Januari

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Walikuja saa tatu asubuhi. Hashimu, Mzee Mazengo, na nyuma yao Gladness, ambaye hakuitwa na mtu. Nimemwamkia mzee shikamoo kwa unyonge, kama mtu wa nyumba iliyopigwa. Nimewafungulia mlango. Jua lilikuwa limekaa vizuri sana, nguzo kumi na tatu za mwanga zimesimama sakafuni. Hata mimi nilijihurumia.

Hashimu alisimama katikati, akatazama juu muda mrefu. Akaomba kigoda. Akapanda. Akapapasa tundu moja kwa ncha ya kidole, halafu jingine. Alichofanya baadaye ndicho kilichonitoa jasho: akatoa rula akapima.

Akaniuliza kwa upole wake ule, "Dada Jenifa, mawe ya kwenu yalitokea wapi?"

Nikasema juu, kama ya watu wote.

Akasema, "Mbona bati limetoa midomo kwenda juu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Daftari, nilifikiria mashine, unga, godoro, na macho ya Gladness. Sikufikiria kwamba msumari ukitoka ndani unaliinua bati kwenda nje, na jiwe likitoka nje linalibonyeza kuja ndani. Mimi ni mke wa fundi wa kuezeka!

Nilijibu haraka. Kosa la maisha yangu ni kujibu haraka. Nilisema yale mawe yaliingia mlangoni, yakadunda sakafuni, yakapaa.

Wote wakatazama chini. Sakafu yangu ni ya udongo.

Mzee Mazengo akazunguka chumba taratibu, mikono mgongoni, kama mtu aliye shambani kwa mwenzake. Akatazama kitanda. Akatazama gunia. Akatazama kona ya mtoto. Akasema, "Haya mawe yamelelewa. Yamekwepa kitanda, yamekwepa unga, yamesimama foleni." Kule dirishani Gladness alikuwa ameshika ukuta asianguke kwa kicheko.

Mama mkwe akaingia. Sijui nani alimwita. Hakunitazama. Alimwambia mtendaji, "Huyu ana mtoto mchanga, hajalala tangu Oktoba. Mtu asiyelala anaweza kutoboa hata chungu anachopikia. Msimwandikie vibaya."

Ningependa dunia ipasuke nizame humo.

Hashimu akasema haandiki vibaya, ila hawezi kuandika vizuri pia. Akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa Alhamisi. Nikaona jina langu. Tayari lilikuwepo! Namba tatu. "Jenifa, mke wa Denis. Jiko limeanguka. Mtoto mchanga. Bati kumi." Kumi. Alhamisi ileile, wakati namwogesha mtoto, mama mkwe aliniandikisha. Majiko yalihesabiwa. Tena wenye watoto wachanga walitangulia.

Hashimu akalikata jina langu kwa rula. Watu wa Kondoa wana mkono msafi. Kando akaandika sababu, nikaisoma kichwa chini: "Mawe ya ndani."

Leo hakuna baraka. Nimetafuta.

Alhamisi, 16 Januari

Watu waliosema mawe hayapigi mahali pamoja mara mbili wajitokeze.

Saa kumi jioni. Safari hii mawe madogo, kama punje za mahindi, ila mvua yenyewe ya kumwagwa kwa ndoo. Nilikuwa na mabeseni mawili, ndoo moja, sufuria tatu na karai. Matundu kumi na matatu. Sikuwahi kuipenda hesabu shuleni, leo nimeielewa.

Na maji, daftari, hayana adabu ya mawe. Nilidhani yataanguka wima pale nilipotoboa. Kumbe yanatembea. Yanaingia tunduni, yanafuata mti wa paa, yanakwenda yanakotaka. Yalitaka kitandani. Godoro jipya limekunywa lote. Gunia la unga limekuwa uji. Nilipoona tone moja limeangukia paji la uso la Jordan, naye akalifumbulia macho bila kulia, anashangaa tu, nikachoka moyo. Nikamfunga mgongoni, nikamvika Anitha karai, tukatoka.

Hatua sitini. Matope mpaka kwenye vifundo. Gladness alikuwa mlangoni kwake chini ya turubai la msaada, akatupungia.

Mama mkwe alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa amesimama na kanga kavu mkononi. Nilijiandaa kwa maneno, nilikuwa na majibu kama sita njiani nimeyapanga. Hakusema hata pole. Akamchukua mtoto, akamkausha, akamsogeza Anitha motoni, akanipa mimi ugali wa uwele na mlenda.

Ndani mle husikii mvua. Mbuzi wanapumua, moto unapasuka, basi. Dari nyeusi kwa moshi wa miaka. Hakuna tone.

Kiapo changu kilisema mpaka siku ya msiba. Kuna kuku wanne wamekufa. Nimeamua kwamba huo ni msiba.

Jumapili, 19 Januari

Usiku wa tatu hapa. Mbuzi mmoja, yule mweupe, ananichukia. Ananitazama anapotafuna.

Kanisani Mama Mchungaji ameomba mama mmoja asome baraka zake za wiki. Akanitazama. Nikajifanya mtoto anataka kunyonya. Mtoto akakataa mbele ya watu wote.

Baada ya ibada bati zimegawiwa uwanjani. Gladness kapata ishirini na nane. Televisheni imekataliwa. Amekasirika kama mtu aliyekuwa nayo. Namba tatu hapakuwa na mtu, bati zangu kumi zimerukia namba ishirini na tisa, yule baba wa ng'ombe wa Krismasi. Amezibeba huku anaimba.

Nimerudi nimemkuta mama mkwe anachambua mlenda. Nikakaa naye, nikachambua. Baadaye nikasema sikujua kwamba aliniandikisha. Akasema ningeuliza. Nikasema nilidhani ananisema. Akasema pia alinisema, alisema jiko lile lilikuwa chafu, ila hilo halikuzuia bati.

Denis amepiga simu. Nilimweleza hasara kwa mpangilio: kuku, alizeti, mtama, jiko. Mwishoni, kwa haraka, nyumba inavuja kidogo. Akasema lile bati haliwezi kutobolewa na mawe, alilijaribu mwenyewe kwa nyundo. Halafu akauliza swali moja tu, "Midomo ya matundu inatazama wapi?"

Nikamwambia mtandao unakata.

Anarudi Jumamosi. Ameniambia niandike vyote vinavyohitajika, vya nyumba na vya watoto, nitume, avinunue Dodoma mjini kabla hajapanda gari la huku. Sauti yake ilikuwa ya upole. Upole ule ndio unaonitisha.

Baraka ya leo: niache kwanza.

Jumatano, 22 Januari

Jana mama mkwe alimchukua Jordan tangu jioni, akasema nilale. Nikasema sijachoka. Nimelala kwa muda wa saa tisa. Tisa! Nimeamka jua limetoka, mtoto amekogeshwa, Anitha amekwenda shule nywele zimesukwa, chai ipo. Sikujua nikasirikie nani.

Nikamshukuru. Akasema tukae tu humu mpaka masika yaishe. Nafasi ipo. Mbuzi watasogea.

Nilienda nje nikalia kidogo, kwa shukrani na pia kwa ajili ya yule mbuzi mweupe. Nyumba yangu naiona kutoka hapa. Viraka vyake vyote. Mlango wangu mwenyewe, ambao nikiufunga umefungwa.

Halafu Hashimu akapita kwa baiskeli. Nimemsalimia kwa macho chini. Hana kinyongo yule kijana, alisimama akauliza hali ya mtoto. Akasema kuna awamu ya pili. Barua imefika jana. Safari hii kipaumbele ni nyumba za udongo zilizoanguka kwa mvua. Bati thelathini kwa kila nyumba, pamoja na misumari, na wote wanaoishi ndani wanaandikwa. Akatazama tembe la mama mkwe, akasema bahati nzuri hili ni imara, na akaenda zake.

Bati thelathini, daftari.

Nimepiga hesabu. Kumi kwa mama mkwe, naye apumzike kupandapanda juu na udongo, ana miaka sitini na minane. Kumi kuziba kwangu. Kumi chumba cha Anitha. Kila mtu na paa lake. Nani ataumia? Ni mapenzi haya. Ni kumtunza mzazi.

Kuna nguzo moja ya pembeni, upande wa mbuzi, imeshaliwa na mchwa nusu. Nimeigusa. Mvua ilitaka kuiangusha. Mvua ndiyo iliyozidiwa.

Usinitazame hivyo. Nimejifunza. Kosa lilikuwa kufanyia ndani, na kutumia msumari. Hili ni la nje, na halihitaji kelele za mashine. Jumapili, mama mkwe akiwa kwaya, Denis na watoto wakiwa nami kanisani mpaka sala ya katikati, mbuzi malishoni. Nitatoka kidogo kumbadilisha mtoto. Kuhusu tutakapolala Jumapili hiyo jioni, nitafikiria Jumamosi.

Ngoja niandike orodha ya Denis, Anitha akirudi ainakili kwa mwandiko wake mzuri, nitume:

Godoro, futi nne kwa sita, inchi sita.
Unga, kilo ishirini na tano. Ule mwingine tunakunywa.
Dawa ya kuzibia matundu ya bati, makopo mawili. Matundu ni madogo. Kumi na matatu.
Misumari ya inchi nne, pakiti moja. Iliyokuwepo ilipinda.
Kuku wanne, majike matatu.
Nepi za kitambaa, dazeni moja.
Chupa ya chai mpya, iwe yangu peke yangu.
Karai kubwa, Anitha hili la zamani limeanza kumbana kichwa.
Kanga doti moja ya mama, nzuri, yenye maneno ya shukrani. Itakuwa imebidi.
Shoka dogo la mpini mfupi. La kuni.